Sura ya Saba: Karata Isiyofanya Kitu

Siku niliyopewa jina la Bi Komeo nilikuwa nimeshika mpini wa mashine ya kukata karatasi, na namshukuru Mungu kwamba kisu kilikuwa juu, hakijashuka.

Aliyenisomea jina hilo ni Bi Gundi. Ndivyo tunavyomwita pale kwenye duka la kuchapa, kwa sababu anafunga vitabu kwenye meza inayotazamana na mashine yangu, na vidole vyake havijawahi kukauka tangu nimfahamu. Ilikuwa Jumatano, saa ya chai. Aliegemeza simu kwenye kopo la gundi, akawa anasoma huku anatafuna mkate.

"Hebu sikiliza hawa watu," alisema. "Mjukuu wangu kaniwekea mchezo kwenye simu. Mchezo wenyewe nimeshindwa, nakufa tu. Lakini maoni ya wachezaji, mwanangu, ni matamu kuliko mchezo."

"Mchezo gani?"

"Wa tarishi. Unabeba barua, unapewa karata kumi hafifu, unakwenda. Njiani unakutana na wanyang'anyi, mito, majaribu. Ukishinda unaongezewa karata. Ukishindwa unakufa, unaanza upya na karata kumi zile zile. Ila watu wa njiani wanakukumbuka! Yule muuza maji kaniambia, 'Umerudi? Safari iliyopita ulikufa na kiu.' Nikasema haya, huyu ananijua."

Mchezo huo niliujua. Karata zake za kwanza, zile za karatasi, nilizikata mimi, kwenye mashine hii hii.

"Huyu anasema: 'Hadithi naipa nyota tano, mlango wa mwisho nyota moja.' Na huyu: 'Mume wangu ananiuliza nalia nini, namwambia nimefiwa na mwenye kivuko.' Ha! Na huyu anatoa ushauri: 'Wageni, ile Karata Tupu itupeni mwanzo kabisa. Haifanyi kitu, inajaza mkono bure. Fungu jembamba ndilo linaloshinda.' Sasa subiri, utamu uko hapa." Alijifuta makombo mdomoni. "'Nimekufa mara sitini na mbili. Nimevuka mito saba. Nimefika mlango wa mwisho na barua yangu mkononi, halafu huyo mwanamke ananiambia kwa ndani: Leo siwezi, mama amelala. Mama amelala! Si aamshwe?'"

Bi Gundi alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilibaki nimeushika mpini.

"Wamempa na jina," aliendelea. "Bi Komeo. 'Bi Komeo, roho yako ina kutu.' Maskini mwanamke wa watu. Mbona umesimama hivyo? Mikono nyuma, mama, kisu hicho!"

Niliondoa mikono. Nikamwambia nakwenda kunawa.

Sikunawa. Nilisimama kwenye kijichumba cha kuhifadhia wino, nikafungua simu yangu, nikasoma. Tangu saa ile hadi tunakaribia kufunga, kila nilipopata nafasi nilisoma. Maoni ya watu mia nne na kumi na wawili, na karibu nusu yao walikuwa wananisema mimi bila kunijua.

*

Inabidi niseme yalivyoanza, ili msomaji asinihukumu kabla ya wakati wake.

Mimi na mtunzi wa mchezo ule tulikutana darasa la jioni, lile la watu wazima. Mimi nilikuwa nimeacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, yeye akiwa na kumi na minne. Alikuwa fundi wa simu, na vidole vyake vilikuwa na vikovu vidogo vidogo vya bisibisi. Tuliketi dawati moja kwa sababu kiti changu kilikuwa kibovu na yeye ndiye aliyekuwa na msumari. Mwalimu alipotuambia tuandike insha juu ya safari, wote tuliandika ukurasa mmoja. Yeye aliandika kumi na saba, na tarishi wake alikuwa bado hajafika.

"Atafika lini?" nilimuuliza.

"Akifika nitakuwa sina kisingizio cha kukusomea."

Siku moja alileta dukani kwetu karatasi ngumu zilizochapwa picha, akaniomba nimkatie karata mia na ishirini. Nilipanga rundo, nikaweka karatasi tupu moja juu na nyingine chini, nikashusha kisu. Alipotaka kuitupa ile ya juu, nilimshika mkono. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa.

"Hiyo usiitupe."

"Haina kitu."

"Ndiyo inayobeba kisu. Kisu kinagusa hiyo kwanza. Isingekuwepo, karata yako ya juu ingechanika. Ona." Nikamwonyesha alama ndogo pembeni, kama ukucha umepita. "Sisi huku tupu haitupwi."

Aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Toka siku hiyo akawa ananiita Mkasi, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba mashine yangu si mkasi.

Mama yangu hakumtaka. Na sitamlaumu, maana ana sababu. Marehemu baba alikuwa mtu wa karata. Alianza kwa kucheza Jumamosi, akaja kucheza siku zote, na jioni moja alitoka kwenda kumalizia mchezo wake, hakurudi tena nyumbani akiwa hai. Mama alisema neno moja tu nilipomtajia karata za mwenzangu: "Nyumba hii haitalaza karata tena."

"Mama, si kamari. Ni hadithi."

"Hata baba yako alikuwa na hadithi nzuri sana."

Mwenzangu alikuja kuzungumza na Mama juu yetu mara tatu. Mara zote tatu mimi nilisimama nyuma ya mlango, komeo likiwa limefungwa, na Mama yuko kitandani chumba cha kwanza, hatua nne kutoka niliposimama, macho wazi, ananitazama. Miguu ya Mama haimbebi tena. Namwogesha mimi, namgeuza mimi. Ningempitisha mgeni huyo mbele ya macho yale? Basi nilisema kwa ndani, mara tatu, maneno yale yale:

"Leo siwezi. Mama amelala."

Mara ya tatu nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Hakuja tena. Darasani aliacha. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

*

Jumatano ile, saa kumi na moja jioni, Bi Gundi akiwa ameshaondoka na mimi nafunika mashine kwa turubai, nilisikia mtu amesimama mlangoni.

"Hujambo, Mkasi."

Sikuhitaji kugeuka. Nililifunga turubai kamba zote nne, moja baada ya nyingine, ndipo nikageuka. Alikuwa amekonda. Ukosi wa shati ulikuwa umekaa upande, na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulitaka kwenda kuunyoosha.

"Sijambo, Fundi. Au sasa nikuite mtunzi?"

"Umecheza?"

"Nimesoma maoni. Yote."

"Sijauliza maoni. Nimeuliza kama umecheza."

"Mtu akitukanwa sokoni, mpaka anunue nyanya ndipo ajue ametukanwa?"

Alianza kucheka, akaacha. "Jina lile si langu. Ni lao."

"Maneno ni yangu. Niliyasema kwa mtu mmoja, kupitia mbao. Leo kila mwenye simu anayajua. Unajua leo nimesomewa nini hapa hapa? Kwamba roho yangu ina kutu. Aliyenisomea alikuwa anakula mkate."

"Nilijaribu kuandika mengine," alisema. "Naapa. Miezi minne. Kila nikiweka maneno mengine, mlango ule ulionekana wa kuchora."

"Ni wa kuchora!"

"Kwako labda."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Tulingoja lipite, kama zamani darasani tulipokuwa tukingoja kengele imalizike ili tuendelee kunong'ona.

"Nasoma maoni yao kila asubuhi," alisema. "Hata ya matusi. Kabla ya chai. Imekuwa kama sala yangu."

"Usiite sala."

"Sawa. Nisamehe." Alitazama chini. "Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, nasafiri. Kampuni iliyochukua mchezo inanitaka huko kwao nikaandike mwingine. Miaka mitatu. Napanda ndege keshokutwa, Ijumaa, saa kumi alasiri."

Nilitaka kusema hongera. Nikakaza tena kamba ya turubai.

"La pili ni hilo la mlango. Wachezaji wanataka shoka. Karata mpya, ukifika unaitumia mara moja, mbao zinapasuka, unaingia, barua inafika, kwisha. Kampuni imekubali. Wanasubiri neno langu kesho saa sita mchana. Nikaona siwezi kuvunja mlango wa mtu bila kumuuliza mwenyewe."

"Kwa hiyo sasa ni mlango wangu."

"Siku zote ulikuwa wako."

"Na haufunguki?"

Hapo ndipo aliniangalia machoni kwa mara ya kwanza jioni ile, na niliona kitu mle ambacho wakati huo nilikidhani kiburi. Leo najua kilikuwa ni hofu.

"Unafunguka," alisema. "Hakuna aliyewahi kuufungua."

"Unafungukaje?"

"Nikikwambia, utakuwa umefunguliwa na maneno yangu. Maneno yangu yalishashindwa mara tatu."

Ndugu zangu, hasira ni mshauri mbaya. Mimi niliyeamka asubuhi nikaomba nipewe ulimi wa upole, nilimwambia: "Kumbe hata kunitega kitendawili unajua. Wavunje. Waambie wavunje, walete mashoka yao yote. Ni mbao tu."

"Ndilo neno lako?"

"Ndilo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoimudu. Akagusa turubai la mashine kwa ncha za vidole, akaondoka. Hakunyoosha ukosi wake, nami sikuunyoosha.

*

"Mikono yako inanuka gundi na hasira," Mama alisema nilipokuwa namlisha.

"Ni kazi, Mama."

"Kazi hainuki hivyo."

Nilipomaliza kumfunika nilipiga magoti kando ya kitanda changu. Sikupata maneno. Nilirudia tu, "Wewe unajua, wewe unajua." Na katika kurudia ndipo neno lake likanirudia mimi: *Sijauliza maoni. Nimeuliza kama umecheza.* Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa vinywa mia nne, na kinywa chake mwenyewe sijakisikiliza. Si ni mimi ninayelalamika tangu saa ya chai kwamba watu wananiita Bi Komeo bila kunijua?

Alhamisi alfajiri, baada ya sala, niliuweka mchezo kwenye simu, nikazima sauti ili Mama asisikie.

Nilikufa mtoni. Nilikufa darajani. Nilikufa kwa mnyang'anyi wa kwanza kabisa, yule ambaye wachezaji wote wanasema hata kuku anamshinda. Lakini kila nilipoanza upya, watu wa njiani walizidi kunifungukia. Muuza maji akaniuliza jina la mama yangu. Mwenye kivuko akaniambia amenitengea nafasi kavu. Saa ya chai, Bi Gundi alinikuta nalia.

"Nani kafa?"

"Mwenye kivuko."

"Ee!" Akavuta kiti, akaketi karibu. "Si nilikwambia? Lakini mbona mkono wako umejaa? Hiyo Karata Tupu bado unayo? Itupe, mwanangu, wanasema wote. Haifanyi kitu."

Niliitazama. Kwenye maelezo yake kulikuwa na maneno mawili tu: *Haifanyi kitu.* Kidole changu kilikwenda kwenye alama ya kutupa, kikasimama. Miaka tisa nimekata karatasi. Mkono wangu haujui kutupa tupu ya juu. Ni mazoea tu, sikuwa na sababu nyingine. Nikaiacha.

Saa sita mchana nilisikia saa ya ukutani ikigonga. Nilijua kwamba mahali fulani mtu ameshatuma neno langu.

Safari ya kumi na saba nilifika mlangoni. Nilitumia karata ya Kubisha, ya Kusihi, na ya Kiapo. Nikajibiwa kama wote. Sijui mwenzangu kama umewahi kujibiwa kwa maneno yako mwenyewe. Ni baridi. Nilisimama upande ule wa mbao ambao sikuwahi kusimama, nikaona jinsi ulivyo mrefu mlango wa mtu anayekwambia mama amelala.

Ijumaa niliomba ruhusa nimpeleke Mama kliniki. Tulirudi saa nane. Nilimlaza, nikaketi kwenye kigoda hapo hapo nyuma ya mlango wa mbele, mahali pangu pa zamani, nikacheza. Safari ya kumi na tisa. Saa tisa na robo nilifika tena mwisho, nikiwa na karata tano mkononi, na ya tano ilikuwa ile Tupu.

Sijui kwa nini niliikuza kwa vidole viwili. Nadhani nilichoka kuzitazama nyingine. Na pale pembeni, karibu kabisa na ukingo, niliona alama ndogo iliyochorwa kwa uangalifu sana, kama ukucha umepita.

Alama ya kisu changu.

Niliweka ile karata. Hakikutokea kitu. Kioo kikaandika: *Unangoja.* Karata ikarudi mkononi. Nikaiweka tena. *Unangoja.* Nikaiweka mara ya tatu.

Komeo likavutika.

Mlango ukafunguka kidogo, mwanamke akasimama katika ufa wa mwanga, na maneno yakaja moja moja: *Mama hajalala. Ni mimi ninayeogopa. Nilipofungua, ulikuwa umekwenda.*

Kisha chini yake, kwa herufi ndogo: *Tarishi aliyekutangulia alikuwa amefika kwenye kona. Aliusikia mlango, akageuka, akamwona amesimama pale. Hakurudi. Wewe uliyengoja, muombee msamaha.*

Nilifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Maana ni kweli. Siku ile ya tatu, viatu vyake vilipoondoka, nilihesabu mpaka ishirini, nikavuta komeo, nikafungua. Njia ilikuwa tupu. Sikumwambia mtu yeyote duniani. Nilimwambia Mungu tu, na nilidhani Mungu pekee ndiye aliyeona.

*

Nilimpigia Fundi, akapokea mara ya kwanza kuita. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na magurudumu ya mabegi.

"Mkasi?"

"Uliniona."

Magurudumu ya begi moja yakapita.

"Fundi, uliniona nimefungua."

"Nilikuona. Ulikuwa peku, mimi nimejibanza kwenye ukuta wa kona. Ulikuwa umeshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili."

"Kwa nini hukurudi?"

"Hasira ilikuwa imeshanikausha machozi. Nikasema, na aje yeye. Mara tatu nimekwenda mimi, na yeye aje hatua kumi. Nikahesabu. Ukarudi ndani." Nilisikia akiweka begi chini. "Mwaka mzima na nusu nimeandika mchezo mzima ili mtu mmoja angoje pale ambapo mimi sikungoja."

"Ungeniambia juzi."

"Ningekwambiaje? Uliniambia ni mbao tu."

"Shoka umelituma?"

"Jana saa sita kasoro dakika moja. Kesho asubuhi litaingia kwenye simu zote. Ule mlango wa kungoja wameufuta. Hakuna aliyejua ulikuwepo." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Na wa mwisho."

"Na wa mwisho."

Sauti ya mwanamke ilitangaza kitu, wasafiri wajipange. Nilisikia begi linaburutwa, likasimama.

"Namba hii naizima nikipanda," alisema haraka. "Huko nitapewa nyingine. Lakini bado sijapanda. Niko nje ya mstari. Sema neno moja. Nirudi?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema ndiyo. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye daftari na kuifuta. Nilifumba macho, nikaona miguu ya Mama chini ya shuka, dawa za saa moja, miaka mitatu ya kazi ya mtu ambaye naye aliacha shule na sasa ameitwa na wakubwa. Nikaona kwamba nikimrudisha nitakuwa nimemfungia yeye komeo kwa upande wa nje. Na ulimi, ambao umezoea njia moja kama punda, ukaenda ulikozoea.

"Leo siwezi," nilisema. "Ma..."

"Mama hajalala!"

Sauti ilitoka chumba cha kwanza, hatua nne kutoka nilipoketi. Sijamsikia Mama akipaza sauti hivyo tangu niwe mtu mzima.

"Mwambie! Mama hajalala! Hajawahi kulala!"

Na hapo kwenye simu nikasikia neno lake la mwisho: "Haya." Neno dogo, la mtu aliyechoka. Kisha simu ikakatika.

Mpaka leo sijui kama *haya* yake ilitangulia ukelele wa Mama au iliufuata. Nimeupima muda huo kama ninavyopima karatasi, kwa unywele. Sijui. Nilipiga tena, nikaambiwa haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Niliingia kwa Mama. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, jambo ambalo daktari amemkataza, na uso wake umelowa.

"Amesikia?"

"Sijui, Mama."

"Siku zile nilikuwa macho. Zote tatu."

"Najua, Mama. Na yeye alijua. Ulikuwa unakohoa."

"Nilizisikia hatua zake. Si hatua za baba yako. Baba yako alikuwa anatembea kama mtu anayekimbiwa na kitu. Huyu alitembea kama mtu aliyebeba kitu." Alinishika mkono, ule wenye simu. "Nilijua hilo mara ya pili. Nikanyamaza. Mungu atanisamehe mimi?"

Nilimlaza taratibu, nikamgeuza ubavu. Tulisali pamoja, yeye akianza na mimi nikimalizia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anakatika njiani.

*

Asubuhi ya Jumamosi shoka liliingia. Bi Gundi alinisomea yote saa ya chai, lakini safari hii kwa sauti ya chini, maana nilikuwa nimemwambia Bi Komeo ni nani.

"'Hatimaye! Pigo moja tu, nimemaliza.' Nyota tano. 'Asanteni kwa kutusikiliza.' Nyota tano. 'Kwaheri Bi Komeo, ha ha.' Hiyo tuiache." Akaifunga simu. "Wamefurahi, mwanangu. Lakini huyu mmoja kasema kitu: 'Nimeingia ndani nikakuta chumba kitupu. Nilidhani nitajisikia nimeshinda.'"

"Kasema kweli."

"Sasa utampataje?"

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo usiku kucha na kuliombea. Namba yake mpya sina. Ndugu zake sikuwahi kuwajua. Lakini kuna mahali pamoja ambapo yeye husoma kila asubuhi, kabla ya chai, hata matusi.

Nikaandika. Nilikuwa nimejifunza kuandika insha, si maoni, kwa hiyo nilifuta mara nyingi. Mwisho nikabakiza haya:

*Nimecheza mara kumi na tisa. Nilikuwa nimeuhukumu mchezo huu kwa maneno ya watu, naomba radhi. Karata Tupu msiitupe, ndiyo inayobeba kisu. Aliyekuwa kwenye kona amesamehewa siku ile ile aliyoomba. Naye anisamehe: nilihesabu mpaka ishirini, ningehesabu mpaka kumi. Mama hajalala.*

Nikaweka nyota tano. Chini ya kila maoni kuna nafasi imeandikwa *Jibu la mtunzi*. Yangu bado iko wazi. Wachezaji ndio wamejibu, watu wema. Mmoja aliuliza, "Mama gani tena?" Mwingine akasema, "Karata Tupu inabeba kisu gani? Dada, umecheza mchezo mwingine." Mwingine akaweka tu picha ya mtu anayekuna kichwa. Siwajibu.

Nikirudi kazini sifungi komeo mpaka giza liingie kabisa. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Ananiambia, "Acha, hewa ipite," na jioni zingine nina hakika yuko macho, anasikiliza hatua za njiani.

Na kila asubuhi, nikimaliza kusali, simu huniuliza kama nataka mchezo mpya, ule wenye shoka. Chini ya swali kuna vitufe viwili. Nabonyeza cha pili, kinachosema: Si sasa. Kisha nafungua safari yangu ya zamani, natembea hadi mwisho, naweka karata isiyofanya kitu, naketi.

*Unangoja*, kioo kinaandika.